Mkate wa Mama na yai la Anti Luz

Leo jirani yetu alidhani tumemrudishia zawadi yake ya Krismasi.

Anti Luz wa ghorofa ya juu ni Mfilipino. Jana nilimsaidia kuoka bibingka, keki zao za Krismasi, za kugawia majirani: unga wa mchele, tui, na juu vipande vya yai la bata la chumvi. Ya kwetu tuliila kwenye futari, maana tunafunga sunna.

Mama akaniambia nisirudishe sahani tupu. Leo akapika mkate wa kumimina.

Ndiyo, unga wa mchele na tui. (Hakuna aliyewaza hilo.)

Nikampelekea. Anti Luz alifunua kitambaa.

"Mmekula mayai, keki mkanirudishia?"

Tangu tuje Guangzhou Mama hana rafiki, na nilitaka huyu awe wa kwanza. Nikamwomba aonje.

Akamega. "Hii harufu ya nini?"

"Iliki, Anti. Huu ni mkate wa kwetu Unguja."

Akamega tena. "Mtamu! Mwambie mama yako umekosa yai tu."

Nilifikisha yote.

"Yai? Juu ya mkate wangu?" Mama akafunga kanga kiunoni. "Kamwite aje afuturu, nimfunze."

Sasa wako jikoni, wanabishana kwa ishara. Anti Luz amekuja na yai mfukoni.

Nyie mngeliweka yai hilo?