Mama Deborah na kompyuta ambayo herufi zake zilikuwa zimehama

Wakuu, salaam kutoka Gisenyi, mpakani na Kongo. Haya yalitokea mezani kwangu, chumvi sijaongeza.

Nianze na jambo nililolikana kwa miaka: mimi mwandishi wa makala, digrii iko ukutani, nachapa kwa vidole viwili. Mtu akiingia naacha kuchapa, najifanya nafikiri.

Sasa, jirani yangu hapa mtaani Nengo alimpokea dada yake kutoka Goma, Mama Deborah. Zamani huko alikuwa mchapaji wa ofisi, kwa taipureta. Kompyuta hajawahi kuigusa.

Ushirika mmoja wa wavuvi kule Rubona ukatangaza kazi ya sekretari. Mtihani ni Jumatatu: kuchapa barua kwa Word.

Mama huyu analala sebuleni kwa dada yake, na shemeji ameshaanza kuuliza "mpaka lini?" Akipata kazi, anapanga chumba chake. Asipopata, anarudi Goma.

Ijumaa akaja kwangu. Nikamwonyesha pa kuwashia na pa kufungulia Word, nikatoa ile sauti yangu ya uvumilivu (inaudhi sana, naambiwa).

Akaweka karatasi pembeni, macho kwenye karatasi, akaanza. Wakuu, ilikuwa mvua ya mawe juu ya mabati. Vidole vyote!

Mwisho wa mstari, mkono wa kushoto ukaruka kusukuma kile chuma cha taipureta cha kurudishia mstari. Ukapiga skrini. Laptop niliidakia ukingoni mwa meza.

"Pardon, dada. Mukono ilizoea."

Ndipo tukatazama alichoandika. Karatasi ilisema "Barua ya mkutano", skrini ilisema "Bqruq yq ;kutqno".

"Dada, machine yako ilikunywa?"

Haikunywa. Taipureta yake ya Kongo ilipangwa herufi kwa mtindo wa Kifaransa, laptop yangu kwa mtindo wa Kiingereza. Alipozoea kuikuta A, hapa anakaa Q. M imekuwa nukta-mkato. Vidole vyake havikukosea hata kidogo, vilikuwa vinabisha hodi kwenye nyumba ambazo wenyewe wamehama.

Nikaingia settings, nikageuza kibodi iwe ya Kifaransa. Kwa kuwa yeye haangalii vitufe, barua ikatoka safi kabisa. Nikajipongeza.

"Na kule Rubona?" akauliza.

"Utawaomba wageuze hivi hivi."

"Hapana. Nikianza na kuomba, wataniona mugeni na bado sijaandika kitu. Rudisha ya Kiingereza."

Nikarudisha.

Mimi ningeacha kabla chai haijapoa. Yeye alishinda kwangu Jumamosi yote, na Jumapili baada ya misa, akiongea na herufi kama majirani: "We A, ulihamia hapa. Bon. Na we Q, songa kule."

Nikamfundisha na backspace, kile kitufe cha kufuta. Akaitazama kwa mashaka.

"Donc huku mutu anakosea bure?"

"Bure kabisa."

"Ni vibaya. Watu watakosea sana."

Na kweli, hakuigusa isipokuwa amebanwa. Jumapili jioni ukurasa mzima ulitoka na A zote mahali pake. Nilitamani kupiga makofi, nikaona aibu, nikaenda kuchemsha maji.

Funzo nililopata: nilijiandaa kumfundisha mtu asiyejua, nikakutana na mtu anayejua sana, na huyo ndiye mwenye kazi ngumu. Kuhamisha kitu ambacho mikono imekizoea miaka yote, huku shemeji anahesabu siku, kunataka moyo ambao mimi sijaombwa kuuonyesha bado.

Nyie mmewahi kumfundisha mtu akawaacha mdomo wazi? Andikeni hapo chini, nasoma zote.

Matokeo? Laini yake ni ya Kongo, kwa hiyo Jumatatu baada ya mtihani aliwaachia namba yangu. Jumanne asubuhi tukiwa naye jikoni, simu ikaita. Nikaweka spika.

"Mama Deborah yuko? Tumemchagua yeye. Anaweza kuanza kesho?"

Mimi machozi yako karibu. Yeye akainamia simu.

"Kesho iko sawa. Lakini kiti yenu iko mufupi, mugongo inauma. Mutafute ingine."



"Sawa, mama. Tutatafuta."