Daftari la Zamu ya Reli

Nilimfungia afisa vidole vyake ndani ya faili, na mpaka leo sijaomba msamaha. Alikuwa ameigeuza faili juu ya kaunta ili nijionee mwenyewe, kidole kwenye picha, na uso wa mtu anayekuletea habari njema. Kwenye picha nilikuwa mimi. Sweta yangu ya kijani, mtoto wangu wa pili mgongoni, nimesimama kando ya reli na bendera nyekundu mkononi. Chini yake wameandika: Hatua za usalama zilizopo tayari.

"Unaona, madam," akasema. "Hapo kwenu mambo iko sawa. Mmejipanga. Injinia akaona hakuna haja ya daraja, tukaliondoa kwenye mpango."

"Mkaliondoa."

"Likapelekwa kwingine kwenye shida zaidi."

"Kwingine wapi?"

"Hiyo sasa si ofisi hii."

Akafunua ukurasa uliofuata, bado anatabasamu, na hapo ndipo niliona mwandiko wangu. Ilikuwa fotokopi ya daftari letu. Mistari niliyoipiga kwa rula. Tarehe, jina, sahihi. Kurasa nzima nzima, ushahidi kwamba watoto wetu wana ulinzi. Nilisoma mpaka kidato cha nne na kitu kimoja walichonisifia walimu ni mwandiko. Sasa ulikuwa pale, safi kabisa, ukimtetea yeye.

Nikaifunga faili. Vidole vyake vilikuwa bado ndani.

"Madam, unaniumiza."

"Najua," nikasema, nikazidi kukandamiza.

Askari wa mlangoni alikuja akanishika kiwiko kwa upole. "Mathe, tutoke tu pole pole." Nikatoka. Nilikuwa na slipasi miguuni na povu la sabuni limekaukia mikononi, kwa sababu nilikuwa nimetoka nyumbani asubuhi hiyo bila kujiangalia. Kwa nini nilitoka hivyo, nitaeleza.

Sisi tunakaa upande wa chini wa Bondeni, kwenye nyumba za zamani za baraza la mji. Shule iko ng'ambo ya reli. Ukitaka mtoto asome, lazima avuke. Ndivyo ilivyokuwa hata kabla mimi sijaolewa huku, na hakuna aliyelia, kwa sababu treni ya wakati ule ilikuwa imechoka. Ilikuja ikijikokota, ikigonga kila kiungo cha reli, ungeisikia ukiwa bado unafunga kamba za viatu. Watoto walikuwa wanashindana nayo wakisukuma magari yao ya makopo.

Kisha ukaja mpango. Barabara na reli za huku kwetu zingeboreshwa kwa pamoja, tukaitwa kwenye ukumbi wa kanisa kutoa maoni. Huyu huyu wa vidole ndiye aliyesimama mbele na ramani. Akatuonyesha mstari wa bluu ukiruka juu ya reli: daraja la miguu, ngazi upande huu, ngazi upande ule, vyuma vya kushikilia. Mama mkwe wangu aliinua mkono. Ni mjane wa mfanyakazi wa reli, mzee wake alipunga bendera stesheni mpaka alipostaafu, na binti yangu humwita Kukhu, yaani nyanya.

"Kijana, kipi kinaanza?" Kukhu akauliza. "Daraja ama treni?"

"Kwanza daraja, mama. Halafu ndio treni."

Mimi ni katibu wa chama cha kina mama, kwa hivyo kalamu ilikuwa mkononi. Niliyaandika maneno hayo kama yalivyotoka.

Wakaanza na reli. Wakang'oa mataruma yaliyooza, zile mbao za chini ya reli, wakaweka mapya, wakamwaga kokoto. Barabara ikapanuliwa, mtaro ukachimbwa, ua wa waya ukafunga njia yetu ya siku zote. Ukabaki mwanya mmoja tu, pale reli inapopinda, mahali ambapo huwezi kuona kinachokuja. Kontrakta akasimika bango lenye picha ya daraja na mtoto wa kuchorwa akipanda ngazi na mkoba wa manjano. Kisha akabeba mashine zake akaenda.

Jua likalila lile bango. Daraja ndilo lililoanza kufifia. Ikafika wakati mtoto wa kuchorwa alikuwa amesimama hewani, mguu mmoja juu, chini yake hamna kitu.

"Mum," binti yangu akaniuliza, "huyu mtoto ataanguka?"

Nilimwambia atembee haraka tutachelewa.

Treni mpya ilipoanza kupita, kitu cha kwanza kilichotushangaza ni kimya. Haikugonga tena. Ilitokea. Unageuka na iko hapo, kubwa kama ghorofa, na upepo wake unakusukuma kifua. Mbuzi wa jirani alikuwa wa kwanza. Watu waliokuwa karibu walisema hakulia. Kukhu alienda mpaka kwenye kona, akainama, akaweka kiganja juu ya chuma.

"Zamani hii ingeniambia," akasema. "Sasa imefunzwa kunyamaza."

Aliporudi nyumbani alifungua sanduku lake akatoa bendera nyekundu ya marehemu, imekunjwa ndani ya gazeti. Akatukusanya kina mama akatufundisha. Jambo la kwanza alilotuambia ni kwamba bendera haikuwa ya dereva.

"Treni ya mizigo haiwezi kusimama kwa sababu yako, hata dereva akupende vipi. Bendera ni ya watoto. Wakiiona juu, miguu igande."

Tukapanga zamu. Asubuhi mama mmoja, mchana mwingine. Bendera tuliitundika kwenye nguzo ya mwanyani, na chini yake, ndani ya mfuko wa plastiki, daftari. Mtu wa nje atauliza daftari la nini. Sisi watu wa chama hatufanyi kitu bila kusaini. Tukienda kumwona mgonjwa, tunasaini. Tukienda matangani, aliyeleta sukari anasaini na aliyekuja mikono mitupu anasaini, kila mmoja na mstari wake, ili kesho asiwepo wa kusema sikuonekana. Kwa hivyo ukimaliza zamu ya reli, unaandika jina, unatia sahihi. Ilikuwa njia ya kuaibishana tu. Mama muuza mandazi, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, alikuwa anachungulia kila jioni kuona nani ametoroka.

Siku moja afisa akaja na gambuti safi kabisa, akatukuta kwenye kazi. Akapiga picha. Akasifu.

"Nyinyi mnafaa kuwa mfano. Naweza azima hilo daftari siku moja tu?"

"Pengine watatuletea makoti ya mvua," mama mandazi akaninong'oneza. "Yale ya kung'aa."

"Na kofia," nikasema.

Tulicheka. Na mimi, mjinga, nililipeleka daftari nyumbani kwanza nikalifunika upya kwa karatasi ya kaki, ili lisituaibishe huko ofisini. Likarudi kesho yake. Makoti hayakuja. Hatukuuliza sana, mvua ndefu zilikuwa zimeanza na kila mtu alikuwa na matope yake.

Sasa nifike kwenye ile asubuhi.

Kulikuwa na ukungu mzito ulioshuka kutoka milimani, ule unaofanya usione nyumba ya jirani. Zamu ilikuwa ya mama mandazi. Nilimvalisha binti yangu kofia ya sufu, nikamwachilia na wenzake kama kila siku, nikarudi kwenye beseni la nguo. Nilikuwa nimesugua vipande viwili vitatu nikasikia honi.

Dereva hapigi honi hivyo kwenye ile kona. Hupiga mara moja, fupi. Hii ilikuwa ndefu, ikavuta, ikavuta, kama mtu ameegemea kitufe na hawezi kutoka.

Nilikimbia. Mlango wa mama mandazi ulikuwa wazi na nilimwona ndani, amempakata mtoto wake mapajani, anamkanda kwa kitambaa chenye maji. Homa. Tuliangaliana. Akageuza macho upande wa reli. Hapo ndipo nilijua mwanyani hakuna mtu.

Nilipofika kwenye ua, mabehewa yalikuwa yanapita. Sikuona watoto. Niliona mabehewa, nafasi, mabehewa, nafasi, na kwenye zile nafasi ukungu. Yalipita na hayaishi. Nilishika waya wa ua kwa mikono miwili na nikajikuta naangalia chini, kwenye kokoto, natafuta kofia.

Niliipata. Ilikuwa imetupwa pembeni, imelowa.

Halafu behewa la mwisho likaondoka, likavuta ukungu, na mwanya ukaonekana, upande wetu huu huu. Watoto walikuwa wamejipanga kwenye ua, wamekaza migongo, wakubwa wamewashika wadogo. Mbele yao, karibu na reli kuliko mtu yeyote anavyopaswa kuwa, alisimama binti yangu, kichwa wazi, mikono yote miwili juu, ameishika bendera ya babu yake. Upepo wa treni ndio uliomvua kofia.

"Mama mandazi hakukuja," akaniambia. "Kwa hivyo nikashika mimi."

Hakuwa analia. Alikuwa ananingoja nimsifu. Sikuweza kumsifu wala kumchapa. Nilimchukulia bendera, nikawavusha wote, nikawatazama mpaka wakaingia geti la shule. Niliporudi kutundika bendera nikaliona daftari nje ya mfuko wake, limefunguliwa. Kwenye safu ya zamu, chini ya majina yetu yote ya kalamu, alikuwa ameandika jina lake kwa penseli. Herufi moja imegeuka nyuma mbele. Mahali pa sahihi ameliandika tena.

Nilienda ofisini moja kwa moja, na daftari kwapani. Nilikuwa nimeenda kuuliza daraja liko wapi, basi. Nilifikiri limechelewa. Sikujua kwamba lilikuwa limefutwa, na kwamba tuliomsaidia kulifuta ni sisi wenyewe, kwa zamu, kila asubuhi, kwa mwandiko mzuri.

Mchana huo tulikaa kwa Kukhu. Mama mandazi alikuwa na mtoto wake begani, homa imepungua, na macho yake yamevimba.

"Tuache," akasema. "Kesho mtu asiende. Wakija waone hakuna mtu, watajenga."

"Waone nini?" Kukhu akamuuliza. "Useme. Waone nini ndio wajenge?"

Mama mandazi akamfunika mtoto wake kichwa na leso, kana kwamba angeweza kuelewa.

"Wanajua hatuwezi kuacha," nikasema. "Ndiyo maana wametuandika."

"Basi na wewe waandike," Kukhu akasema. "Hao hawaogopi mtoto kufa. Huyo si mtoto wao. Wanaogopa karatasi iliyogongwa muhuri, kwa sababu hiyo siku moja mtu atawauliza waliipokea lini. Si ulisoma wewe?"

Nilikaa mezani nikaandika. Nilirarua mara tatu kwa sababu ya matusi. Ya nne niliipeleka kesho yake, baada ya zamu yangu, kwenye ofisi inayopokea malalamiko ya wananchi dhidi ya serikali. Mama wa dirishani aliisoma yote akiwa amesimama. Alipofika mwisho aliniangalia, akaangalia kiambatisho, akagonga muhuri kwenye nakala zote mbili bila kuniuliza swali. Hii hapa yangu.

*Kwa Afisa Mpokeaji wa Malalamiko,*

*KUH: DARAJA LA MIGUU LILILOONDOLEWA KWENYE MPANGO WA BARABARA NA RELI, UPANDE WA CHINI WA BONDENI*

*Mimi ni mama wa watoto wawili na katibu wa chama cha kina mama cha mtaa huu. Nalalamika rasmi juu ya ofisi inayosimamia mpango uliotajwa.*

*Tuliahidiwa mbele ya watu, kwenye ukumbi wa kanisa, kwamba daraja lingejengwa kabla ya treni kuanza. Nimeambatisha kumbukumbu za mkutano huo. Treni inapita. Daraja halipo, na sasa nimeambiwa kwa mdomo kwamba halitakuwepo.*

*Sababu niliyopewa ni kwamba sisi kina mama tunasimama relini na bendera. Hatukuajiriwa na yeyote kufanya hivyo. Tulisimama kwa sababu daraja halikuja. Daftari letu liliazimwa kwa maneno ya sifa na likatumiwa kuondoa kile tulichokuwa tunakingojea. Hakuna hata mmoja wetu aliyekubali hilo.*

*Naomba mambo matatu, kwa maandishi. Picha yangu na majina yetu yaondolewe kwenye ripoti hiyo. Nionyeshwe karatasi iliyoondoa daraja, na sahihi ya aliyeliondoa. Na mpaka daraja lijengwe, tupewe jina la afisa mmoja wa serikali ambaye mtoto akigongwa pale, yeye ndiye atakayeulizwa.*

*Kuanzia leo tutaendelea kusimama, kwa sababu watoto ni wetu. Lakini hatutasaini tena. Daftari limefungwa na ukurasa wake wa mwisho nimeuambatisha hapa, si fotokopi, ni wenyewe.*

*Tafadhali tazameni jina la mwisho, lile la penseli. Huyo alikuwa na zamu siku ya ukungu. Ana miaka saba. Kama ripoti yenu bado inasema hatua za usalama zipo, basi muongezeni na yeye.*