Siku Mbili na Nusu za Italia

Ratiba yangu ya kwanza ya Italia ilikuwa na miji mitano na vitu kumi na kimoja vya kutazama, vyote ndani ya siku mbili na nusu. Niliipanga ofisini wakati wa chakula cha mchana, kwa mtindo uleule tuliotumia kupanga meli: muda wa kufika, muda wa kuondoka, na dakika za akiba kama kitu kitachelewa. Ilikuwa 2013. Nilikuwa karani katika ofisi ya usafirishaji karibu na bandari ya Durban, na ofisi ilikuwa inanipeleka Genova kwa mafunzo ya siku tano. Mafunzo yangeisha Ijumaa alasiri. Ndege ya kurudi ilikuwa Jumatatu asubuhi kutoka Milano. Viza yangu ilikuwa ya siku hizohizo kamili, kwa sababu mtu anayesafiri kwa kitabu cha mkimbizi badala ya pasipoti haongezewi siku kwa hisani.

Kwa hiyo swali lilikuwa fupi: kati ya Ijumaa alasiri na Jumatatu asubuhi, mtu anaweza kuona Italia kiasi gani?

Jibu langu lilikuwa: karibu yote. Nilikuwa nimesoma historia chuo kikuu, kabla ya kugundua kwamba hakuna anayekuajiri kwa ajili ya historia, na nilikuwa na njaa ya kuviona kwa macho vitu nilivyofanyia mitihani. Ijumaa jioni Pisa. Jumamosi asubuhi Firenze, mchana Roma. Jumapili Roma mpaka alasiri, kisha treni ya kwenda Milano. Katikati, kwenye mstari wa Ijumaa, niliandika: "Mama mdogo, dakika sitini."

Mama mdogo ni mdogo wake mama. Tulipotoka Bukavu ndiye aliyenibeba mgongoni, kwa kuwa mama alikuwa amebeba kila kitu kingine. Baadaye njia zikaachana. Sisi tukashuka mpaka Durban, yeye akafika Italia, katika mji mdogo karibu na Pisa, ambako alikuwa anamtunza bibi mmoja mzee sana na kulala nyumbani kwake. Miaka tisa alikuwa kule. Alikuwa na mapumziko Alhamisi alasiri na Jumapili tu, na hesabu yangu ilikuwa kwamba Ijumaa jioni angeweza kutoka getini kwa saa moja, bibi akiwa anaangalia televisheni.

Ukutani kwetu Sydenham, mtaa wa Durban, juu ya televisheni yetu sisi, kulikuwa na picha yake. Amevaa gauni la kitenge cha bluu, mkono kiunoni, na nyuma yake mnara wa Pisa umeinama kana kwamba unataka kumsikiliza. Hakuna mgeni aliyekaa kwenye kochi letu bila kuonyeshwa picha ile. "Mdogo wangu, Italia," mama alikuwa akisema, na mgeni alikuwa akitikisa kichwa.

Mama aliisoma ratiba akiwa amesimama jikoni, sombe, kisamvu cha kwetu, inachemka nyuma yake. Alisoma kwa kidole. Kidole kikasimama.

"Dakika sitini? Papa, hii iko makosa ya mashini?"

Kwetu mama humwita mwanawe wa kiume papa anapombembeleza, na pia anapokaribia kumpiga. Unatambua kwa sauti.

"Si makosa. Alhamisi niko darasani. Jumapili..."

"Jumapili uko Roma."

"Ndiyo. Jumapili niko Roma."

Nilitegemea vita. Hakukuwa na vita. Mama aligeukia sufuria, akakoroga, akasema polepole kwamba ni kweli, Jumapili lazima niwe Roma, kwa sababu alishawaambia wamama wa parokia.

Alishawaambia nini, nilijua Jumapili iliyofuata. Baada ya misa wamama walinizunguka uani, na mama prezidenti, kiongozi wao, mwanamke mrefu anayeuza vitambaa mjini, akanyoosha mkono.

"Programme iko wapi? Lete tuone."

Sikuamini. Mama alikuwa ameichapisha ratiba yangu, akaja nayo ndani ya Biblia. Ikapitishwa mkono kwa mkono. Wakaikosoa kama wanavyokosoa harusi.

"Colosseum. Si ni kule walikuwa wanalisha wakristo kwa simba?"

"Ndiyo, inasemekana..."

"Na weye unaenda kulipa pesa uingie? Kwa mapenzi yako?"

Wakacheka mpaka mmoja akashika ukuta. Kisha kikaletwa kibakuli cha aiskrimu kilichojaa rozari. Arobaini na moja. Kila moja ilikuwa imefungwa kikaratasi chenye jina la mwenyewe kwa uzi. Jumapili adhuhuri, mama prezidenti alinielekeza, nisimame uwanjani Roma pamoja na watu wote, na baraka inapotolewa nizinyanyue juu.

"Juu, papa. Usiziache ndani ya sac."

"Kwani baraka haipiti kwenye mfuko wa nailoni?" niliuliza. Nilitaka kujua kweli. Mama alinifinya nyuma ya mkono, pale ambapo nyama ni laini.

Wiki hiyohiyo, Jumamosi, nilishuka kutoka saluni ya mama mjini mpaka duka la simu la chini, nikaingia kibandani kumpigia mama mdogo. Nilitaka kumpangia saa ya kutoka getini.

"Allô? Nani huyo?"

"Ni mimi, mama mdogo."

"Eh! Sauti ya mwanaume! Nani alikupa ruhusa ya kukua?"

Nilianza kueleza habari ya Ijumaa, akanikata.

"Ngoja, mi nianze. Nilishaomba Jumamosi na Jumapili. Zote mbili. Mtoto wa mzee atakuja kulala na mama yake mwenyewe. Miaka tisa sijawahi kuomba. Alishtuka, akaniuliza kama nimefiwa."

Karatasi ilikuwa mbele yangu, juu ya kibao cha simu. Dakika sitini. Chini yake nilikuwa nimeandika kwa herufi ndogo: akiba dakika kumi na tano.

"Uko? Unanipeleka wapi?"

"Unataka kuona nini?" nilisema, nikiifunika karatasi kwa mkono.

"Mnara. Na bahari, kama muda iko."

"Mnara gani?"

"Wa Pisa. Iko mwingine?"

"Lakini huo ulishauona. Ile picha..."

Akacheka, kicheko kirefu ambacho nilikikumbuka kutoka mgongoni mwake.

"Weye! Na chuo kikuu chote kile? Ile ni kitambaa, papa. Iko Mkongomani mmoja alikuwa na studio nyuma ya stesheni. Alikuwa na mnara, alikuwa na maporomoko ya maji, alikuwa na gari nyekundu. Miye nilichagua mnara."

Mnara wenyewe ulikuwa mwendo wa basi wa dakika arobaini kutoka kitandani kwake. Nilimuuliza kwa nini hajaenda, kama vile yeye ndiye aliyekosea.

"Jumapili ninalala. Nikiamka iko misa, nikitoka misa ni kama Jumatatu ilishafika."

Nilijaribu kuokoa Roma. Nilimwambia tungeweza kwenda pamoja: treni ya alfajiri, uwanja, baraka, Colosseum, treni ya jioni.

"Magoti yangu haiko ya kwenda mbio. Kila siku ninamunyanyua huyu mzee. Na kukimbia, papa, nilishakimbia ya kutosha." Kisha akashusha sauti. "Na ile mambo ya kitambaa, usimwambie yaya, mama yako. Aliitundika ukutani. Usinitie haya."

Nikaahidi.

Jioni ile nilisimama mbele ya picha kwa muda mrefu. Chini ya viatu vya mama mdogo kulikuwa na vigae vyeusi na vyeupe, kama vya sebuleni. Kona ya juu, mawinguni, kulikuwa na mkunjo ulionyooka kama uliopigwa rula. Nilipokuwa na miaka kumi nilimuuliza katekista mke wa Kaini alitoka wapi, nikatolewa darasani. Chuoni nilimbishia kila mwalimu. Na miaka minane nilikula wali chini ya mkunjo ule na kuamini kwamba mjini Pisa wameweka vigae nje, kwenye nyasi.

Kutoka hapo ratiba ilikataa kupangika. Jumapili ilikuwa moja. Kama ningeenda Roma, mama mdogo angepata siku zake mbili za kwanza katika miaka tisa, azikae peke yake. Kama ningebaki naye, mama angesimama mbele ya wanawake arobaini na moja na kibakuli cha rozari ambazo hazikubarikiwa, na sababu ya kwenda Pisa nisingeweza kumpa.

Nilimwambia mama Jumatatu, jikoni, nilipotoka kazini.

"Roma nimeitoa," nilisema. "Jumamosi na Jumapili niko Pisa na mama mdogo. Ameomba siku mbili."

Alifurahi kwa kama sekunde tano, kisha hesabu ikamfikia.

"Na rozari? Arobaini na moja! Nitaingia kanisani kwa mlango gani?"

"Hawezi kusafiri mpaka Roma, magoti yanamuuma."

"Basi mkae nyumbani, muongee, mle. Mnaenda Pisa kufanya nini? Pisa alishaiona."

Mimi si mwongo mzuri. Ninauliza maswali ya watu wengine, lakini nikiulizwa langu ninatazama sakafu.

Mama alinitazama nikitazama sakafu. Akafuta mikono, akaenda sebuleni, akapanda kwenye kigoda, akaiteremsha picha.

"Ni sababu ya hii?"

"Ulijua?"

"Tangu siku ilifika. Mkunjo huu hapa, hata kipofu anauona."

Akaingia chumbani, akatoka na picha ambayo sikuwahi kuionyeshwa. Mama kijana, mwembamba, ameshikana mkono na baba, na nyuma yao mnara wa Paris, taa zote zinawaka. Ilipigwa Bukavu, alisema, karibu na soko. Baba yangu hakuwahi kupanda ndege mpaka anakufa.

"Kwetu ukienda studio unachagua kitambaa," alisema. "Ile picha unatuma ili mtu aone uko mzima, nguo iko safi. Nani anaangalia mnara? Miye niliangalia mashavu."

"Lakini umewaambia wageni wote!"

"Nilisema mdogo wangu, Italia. Iko uongo hapo?"

Nilitafuta uongo, sikuupata. Eish, nilisema, na nikakaa.

"Anachotaka ni kuuona," nilimwambia. Ahadi ilikuwa imeshavunjika yenyewe. "Ule wa kweli. Hajawahi kuuona."

"Namna gani hajawahi?"

"Hajawahi. Ni dakika arobaini kwa basi."

Sasa ilikuwa zamu yake. Nilimwona akihesabu. Alikuwa amejua kwamba picha ni kitambaa, lakini alidhani dada yake alipigwa studio kwa sababu ni bei nafuu, kisha siku nyingine akaenda zake kutembea kama watu. Alikaa chini na picha mapajani.

"Miaka tisa," alisema. "Hajaona kitu?"

"Anasema Jumapili analala."

Mama hakulia. Alikaa tu, mdomo wazi kidogo, kama mtu aliyeitwa jina lake na mgeni barabarani. Sombe ikaungua, na hiyo nayo haikuwahi kutokea nyumbani kwetu.

Jumapili alinipeleka uani kwa wamama akiwa na kibakuli mkononi. Aliwaambia wazi: Roma hakuna, mwanangu atabaki Pisa na mdogo wangu, anayetaka rozari yake achukue. Mama mmoja akachukua, akaondoka bila kuaga. Wengine wakanigeukia mimi.

"Pisa," alisema mama prezidenti. "Unaacha Baba Mtakatifu kwa ajili ya mnara umeinama."

"Ni mnara wa kengele," nilisema. "Wa kanisa kuu. Kanisa lenyewe liko hapohapo pembeni."

Mama prezidenti akakichukua kibakuli mkononi mwa mama.

"Ule mnara ni wa kanisa?"

"Ndiyo."

"Kanisa katoliki?"

"Ndiyo, mama."

"Miaka yote tunakaa kwenye kochi yenu tunaangalia kanisa, na hamna mtu anatuambia?" Alikuwa amekasirika kweli. "Na weye ulisoma! Kule iko padri?"

"Jumapili lazima yuko."

Akanirudishia kibakuli kifuani kwa nguvu. Arobaini. Nilikuwa nimelijua jambo lile tangu mwaka wa kwanza chuoni, na kwa wiki nzima nililala nalo pembeni ya tatizo bila kuyaunganisha mawili hayo.

Roma sijaiona mpaka leo. Firenze pia. Jumapili ile ya Pisa padri mzee alizibariki rozari haraka baada ya misa, akashangazwa na vikaratasi. Tulipotoka nje, mama mdogo alisimama kwenye nyasi, amevaa kitenge kilekile cha bluu, ambacho mama alikuwa amemwamuru kwa simu akivae. Akautazama mnara kutoka chini mpaka juu. Nilishika kamera tayari.

"Kumbe ni kadogo," alisema.

"Kadogo?"

"Kitambaa ilikuwa kubwa kupita hii!" Akanigeukia, macho yamemtoka, kama mtu aliyepunjwa sokoni. Kisha akaanza kucheka, akavua viatu, akakaa kwenye nyasi akinyoosha magoti.

"Baada ya hapa tunaenda wapi?" aliuliza.

"Hatuendi popote."

"Bon," alisema, akajilaza.

Kwenye ratiba ya kwanza niliupa mnara ule dakika ishirini na tano. Tulikaa mpaka kivuli chake kikatufikia miguuni, na yeye, aliyekuwa amelala Jumapili zote za miaka tisa, hakufumba macho hata mara moja.