Gati la Athman, Ndau

Moyo haujakubali. Simu ikilia bado nadhani ni Athman, ananiuliza kama kuna mtu amepanda gatini.

Engineer wetu Athman, mwana wa Ndau. Juzi asubuhi tulikuwa naye site, akasema kifua kinambana. Tukamvusha kwa boti hadi hospitali Amu, mjini Lamu. Jioni akafariki. Innalillahi.

Wengi wenu mwaukumbuka ule mzaha wa uji. Alipoleta zege isiyo na simiti kwa nguzo za msingi wa gati letu jipya, iliyochanganywa kwa majivu na unga wa taka za chuma, watu walimcheka: "Athman atupikia uji."

Naye hakukasirika. Alisema viwanda vya simiti vinachafua hewa, joto likizidi bahari inapanda, na wa kwanza kumezwa ni sisi wa visiwani.

Lakini hata yeye aliiogopa zege ile. Yakomaa polepole, yachelewa kushika nguvu. Sampuli zilipelekwa lab Mombasa, na kabla ya majibu hakutaka mguu wa mtu juu ya gati. Mimi foreman wake nikapewa ufunguo wa mlango wa mabati wa kuingilia gatini.

"Asipite mtu, Shee," akaniambia. "Hata mimi nikikubembeleza."

Jana akaletwa nyumbani, maji yamekupwa. Boti ilikwama mbali. Mbele yetu tope tupu, na pembeni gati jipya, limefika mpaka kwenye maji.

Mnajua jeneza letu linavyobebwa. Kila mtu ataka kutia bega, japo hatua mbili, apate thawabu. Kijiji kizima kingejazana pale juu kwa pamoja.

Babake Athman akanishika mkono, akanionyesha gati. "Ndia hini itatuhimili, mwanangu?"

Wallahi niliogopa.

"Sijui, ami. Majibu hayajaja." Nikakataa kufungua.

Wapo walionitukana hapo hapo, na leo msikitini hawakuitikia salamu yangu. Tukambeba kwenye tope la magoti. Mzee alianguka, akainuliwa, akaanguka tena.

Majibu bado. Nimekaa na simu mkononi na nayaogopa yote mawili. Nguzo zikiwa nzima, nimemtesa mzee bure. Zikiwa mbovu, Athman, kazi yako itabomolewa, na mimi ndiye nitakayekwenda kumwambia babako.

Mola akulaze pema, ndugu yangu. Ufunguo ninao. Hakuna aliyepita.