Akina Mama wa Jiwe la Sabuni

Kanisa letu jipya la Marani lilipokaribia kwisha, kamati ya ujenzi iliniomba nichonge ukanda wa mawe ya sabuni, yale laini ya kuchongwa, wa kupamba mlango mkuu. Walitaka malaika. Nilichonga akina mama.

Wazo nililipata chuoni, nilikosomea sanaa. Huko niliona picha za hekalu la Wagiriki wa kale, lile la kilimani Athens. Kwenye kuta zake wachongaji walizungusha msafara mrefu: vijana juu ya farasi, wasichana na vyombo vya ibada, ng'ombe wanaopelekwa kutolewa sadaka. Niliduwaa. Hekalu la mungu wao, nao wamelijaza watu wa mji wao!

Basi nikachonga wa kwetu wakienda kutoa sadaka: huyu na mkungu wa ndizi, yule na kikapu cha majani chai mgongoni, mwingine akimvuta mbuzi mkaidi. Aliyetangulia nilimpa sura ya mama mkwe wangu, ambaye ndiye aliyeyasugua mawe yote kwa msasa na maji mpaka yakang'aa.

Mwenyekiti wa kamati, mwalimu mstaafu, alikuja nyumbani kutazama.

"Huyu si mama mkwe wako?"

"Ndiye, mwalimu."

"Lile ni kanisa, si soko. Futa hizo sura."

Nikamweleza habari za Wagiriki.

"Hao walikuwa wapagani!"

"Na malaika mnaowataka, wenye nywele za singa, ni wa ukoo gani hapa kwetu?"

Alisema tu kwamba nisipofuta, mawe hayataingia kanisani. Mama mkwe akanyanyuka kutoka kwenye beseni alilosugulia mawe, mikono myeupe kwa vumbi.

"Mwanangu, usiguse hata pua moja. Kanisa la kwanza nililikandika kwa tope mwalimu huyu akiwa bado anatambaa."

Sikugusa. Mlango wa kanisa ukabaki mtupu, nami nikayajengea mawe kwenye ukuta wa mbele wa nyumba yetu, barazani, panapotazama njia ya sokoni. Padri alipita, akatazama, akaenda zake. Nilikasirika, na hasira hiyo bado ninayo.

Lakini Jumapili akina mama wakitoka misa husimama pale, wakajitafuta kwenye mawe, wakabishana pua ile ni ya nani. Juzi wamenibebea jiwe jingine wenyewe.

"Sisi bado hatumo," wakaniambia.

Nimeshaanza kulichonga.