Dakika Nane za Bi Saa

Mara ya tano Bi Saa alipotoka kwenye chumba cha mwanga, kiwiko chake cha kulia kilikuwa kinauma vilevile kama alivyoingia nacho, na kadi yake ilikuwa imeandikwa kwa kalamu ya bluu: dakika nane. Alisimama koridoni, akaisoma ile kadi mara mbili, akaikunja, akaitia mkobani.  Wifi yake, aliyemsindikiza siku hiyo, alimwona alivyobana midomo, akajua leo nyumbani hakutakalika.

Bi Saa si jina la kuzaliwa. Alipewa na wateja wa saluni, na sababu yake ni hii. Tangu ana miaka kumi na minne alikuwa anashika vichwa vya watu. Shangazi yake ndiye aliyemfundisha kazi, mwanamke mkali asiyetaka kuona msusi akitupa macho ukutani. "Wewe ukiangalia saa, kichwa kinaangaliwa na nani?" alikuwa akimuuliza, na kitana kilikuwa karibu na mkono wa kumpigia. Maana dawa ya kunyoosha nywele haina mzaha. Ukiiacha ikapitiliza, inamla mtu ngozi. Ukiiosha mapema, nywele zinabaki nusu huku nusu kule, na mteja anarudi na dada zake watatu kuja kukuuliza vizuri.

Basi Bi Saa akajifunza kuhesabu kwa vidole. Mstari mmoja wa kusuka, wa unene wa kawaida, kutoka paji la uso hadi kisogoni, ulimchukua dakika mbili. Alikuwa akimpaka dawa mteja mmoja, anageukia kichwa cha mwingine, anasuka, na mstari wa nne ukifika mwisho anasema bila kugeuka, "Haya dada, nenda ukaoshwe." Wateja walimtegea simu zao chini ya mashuka waliyofungwa shingoni. Kila mara walikuta amepatia. Wakacheka, na jina likaganda.

Miaka ishirini na sita ya kazi hiyo ilimwachia kiwiko kibovu. Kwanza kilimwasha kwa upande wa nje, kama kitu cha kupita. Kisha akawa hawezi kukamua taulo. Kisha birika. Kisha ufunguo mlangoni, ikabidi azungushe kwa mkono wa kushoto kama mwizi anayebahatisha. Siku moja draya ilimponyoka, ikaangukia mapajani mwa mteja. Mteja alikuwa muungwana, akaiokota, akasema pole. Mwenye saluni hakuwa muungwana sana.

Huyo, waliyekuwa wakimwita Madam, alikuwa msusi mwenyewe zamani, kabla hajahamia kwenye kiti cha mbele cha kupokelea wageni. Alimwita Bi Saa nyuma ya pazia.

"Nenda hospitali," alisema. "Wakikutibu ukapona, kiti chako kipo. Wakikutibu usipone, basi mwenzangu, mkono umechoka. Kiti siwezi kukiacha kitupu."

Hakusema kwa ubaya, na ndiyo maana yalimchoma zaidi. Mtu wa kukalia kile kiti alikuwa anajulikana. Alikuwa binti mmoja mwenye kucha ndefu aliyekwisha kuja mara mbili kuulizia.

Daktari wa viungo alimbonyeza kiwiko, akamkunja kiganja, akapapata palepale penyewe hadi Bi Saa akaruka kwenye kiti. Akamweleza kwamba nyuzi za msuli zinazoshikilia hapo zimechanika-chanika kwa kazi. Atafanya mazoezi ya kunyoosha mkono, atapumzika, na atapigwa mwanga wa leza mara sita, dakika nane kila mara. "Hauumi, na hauna sindano," daktari alisema. "Lakini sikuahidi muujiza. Wengine unawasaidia, wengine si sana. Tujaribu." Bi Saa alimpenda kwa hilo. Hakuwa amezoea watu wanaokiri wasichokijua.

Chumba cha mwanga kilikuwa na kitanda chenye ngozi ya bandia iliyopasuka pembeni, na mashine ya kimo cha jokofu dogo, yenye magurudumu. Kutoka kwenye mashine ulitoka waya, na mwisho wa waya kitu kama tochi nyembamba. Fundi wa mashine, ambaye wagonjwa wa kwenye benchi walimwita Bwana Mwanga, alikuwa kijana nadhifu mwenye kalamu sikioni. Kabla ya kuwasha alimvalisha kila mtu miwani myeusi yenye mpira kuzunguka macho, ambayo ukiivaa huoni hata dirisha lilipo.

"Jicho halina spea, mama," alisema siku ya kwanza.

Bi Saa akalala. Mikono yake haijui kukaa bure, kwa hiyo gizani mle alianza kusuka kichwa cha kufikirika. Akagawa nywele, akaanza mstari. Wa kwanza ukaisha. Wa pili ulikuwa umefika utosini aliposikia, "Haya mama, tayari."

Alishuka kitandani akidhani maumivu yamemharibia hesabu. Siku ya pili, mstari mmoja na nusu. Ya tatu, mmoja na nusu. Ya nne, vivyo hivyo. Na hapo ndipo alipoanza kujitilia shaka, jambo ambalo hakuwahi kulijua maishani. Kuumwa mkono ni kitu kimoja; kuamka asubuhi hujui kama dakika ni dakika, hicho ni kingine kabisa.

Kwa hiyo jioni ya ile siku ya tano, hata kabla ya kuvua viatu, alimkalisha wifi yake kwenye kigoda, akamfumua nywele upande mmoja.

"Shika simu. Nikianza, bonyeza."

"Wifi, na mkono huo?"

"Bonyeza."

Alisuka mstari mmoja akiwa ameuma meno. Alipofika kisogoni akauliza, "Ngapi?"

"Dakika mbili na sekunde nne."

"Hizo nne ni za maumivu," alisema Bi Saa. Akakaa chini. "Ananipunja. Yule mtoto ananipa dakika tatu, anaandika nane."

Wifi alijaribu kumtetea kijana wa watu. "Labda mashine yenyewe ina kasi. Mwanga si unafika mara moja?"

"Hata jua mwanga wake unafika mara moja. Wewe nguo zako unaanua saa ngapi?"

"Mimi nasema usiende kugombana. Watakuandika mkorofi."

"Waandike. Hilo litakuwa neno la kweli la kwanza kwenye hiyo kadi."

Mara ya sita, ambayo ndiyo ya mwisho, alienda peke yake. Kwenye benchi alikaa karibu na mzee mwashi aliyekuwa anatibiwa bega.

"Mzee wangu, wewe umeandikiwa dakika ngapi?"

"Kumi."

"Na unapigwa ngapi?"

"Nitajuaje, mwanangu? Nafungwa macho kama jogoo anayepelekwa sokoni. Tena mimi huwa nasinzia."

Benchi zima likacheka. Bi Saa hakucheka. Jina lake lilipoitwa aliingia, akalala, akavalishwa miwani, akaanza kusuka. Mstari wa kwanza. Wa pili ukafika utosini. Mvumo wa mashine ukakatika.

"Haya mama, tayari."

Hakusogea. "Bado."

"Bado nini?"

"Bado mistari miwili na nusu."

Kijana alifikiri amepitiwa na usingizi. "Mama, amka. Kuna watu nje."

"Sijalala. Nimekaa hapa dakika tatu, na wewe sasa hivi unataka kuandika nane."

"Saa umeiona wapi na miwani hiyo?"

Bi Saa akaivua, akaketi. Saa ilikuwa ukutani nyuma yake, na kijana alijikuta ameitazama kabla hajajizuia. Hilo lilitosha.

"Mimi ni msusi," alisema Bi Saa. "Ungenidanganya kwa kitu kingine chochote ningemeza. Kwa dakika huniwezi."

"Mama, kwani umekuwa daktari?"

"Daktari ndiye aliyesema nane. Wewe ndiye uliyesema tatu."

Kijana aliteremsha sauti. "Mashine ni moja. Kwa siku wanakuja watu thelathini. Nikimpa kila mmoja dakika zake zote, nusu ya hilo benchi wanarudi nyumbani hawajaguswa. Ningefanya nini?"

Bi Saa aliijua foleni. Aliijua Jumamosi ya saluni, wateja hadi mlangoni na kila mmoja ana sherehe yake. Huruma ilitaka kumwingia, akaizuia mlangoni.

"Ungetuambia. Mtu angesema bora nirudi kesho nitibiwe vizuri. Lakini wewe unaandika nane. Mimi naenda kwa tajiri wangu na kadi inayosema nimetibiwa nikatibika, na mkono bado mbovu. Unaelewa maana yake? Maana yake mbovu ni mimi. Mashine nzuri, wewe mzuri, daktari mzuri. Mimi ndiye nisiyeponyeka, na kiti changu anapewa mtu mwingine."

Bi Saa akamsogezea kadi.

"Andika tatu. Mara zote sita."

"Nitafukuzwa."

"Na mimi nafukuzwa kwa hizo nane zako."

Mlango wa chumba kile ulikuwa pazia tu, na nyuma ya pazia benchi lilikuwa limeacha kuongea. Sauti ya mwashi ikasikika, taratibu kabisa, "Mwanangu, ukimaliza ya huyo, na yangu tutaizungumza."

Bwana Mwanga alichukua kalamu sikioni. Akakata nane ya kwanza, akaandika tatu pembeni, akatia sahihi. Akakata ya pili. Kila moja ilimchukua muda, na Bi Saa alisubiri zote.

Kutoka pale alipitia kwa daktari, akamwekea kadi mezani bila hotuba. Daktari aliisoma, akavua miwani yake, akaita jina la kijana kwa sauti ambayo Bi Saa hakutaka kuisubiri. Akarudishiwa kadi ikiwa na mstari mpya chini yake: aanze upya, mara sita.

Saluni alimkuta yule binti wa kucha ndefu ameketi kwenye kiti chake, anajaribu kukipandisha na kukishusha. Madam alikuwa amesimama kando.

"Umemaliza mara sita?" Madam aliuliza.

"Nimemaliza."

"Na mkono?"

"Bado."

Madam akashusha pumzi. "Mwenzangu, tulikubaliana. Wametibu, haujapona."

"Hawajatibu." Bi Saa akampa kadi. "Soma. Mteja umempaka dawa ya dakika nane. Umemwosha ya tatu. Nywele hazikunyooka. Utamwambia nywele zake zimechoka?"

Madam alisoma zile tatu sita, moja baada ya nyingine, na sahihi zake. Wateja walikuwa wametega masikio. Hata draya zilizimwa.

"Nitasema msusi hana adabu," Madam alisema mwishowe.

"Basi."

"Mara sita nyingine, yaani?"

"Mara sita. Nane nane."

Madam akamrudishia kadi. Akamgeukia yule binti. "Wewe utaanzia kwenye sinki, kuosha. Hicho kiti kina mtu."

Wiki iliyofuata Bi Saa alilala tena kwenye kitanda kile, akavalishwa miwani. Kijana alikuwa yuleyule, ila hakuwa na utani. Pembeni, daktari alikuwa amesimama na mikono mfukoni. Mstari wa kwanza ukaisha, wa pili, wa tatu. Joto dogo lilikuwa limekaa juu ya kiwiko, na kama lingesaidia au lisingesaidia, hilo lilikuwa jambo la kusubiri. Angalau sasa angejua analosubiri. Wa nne ulipofika kisogoni, mashine ikalia yenyewe, kengele nyembamba, mara tatu.

Bi Saa akavua miwani polepole.

"Kumbe ina kengele," alisema.

Siku zote zile sita hakuwahi kuisikia; mashine ilikuwa ikizimwa kwa mkono kabla haijafika wakati wake. Kijana alitazama sakafu, na hasira za Bi Saa, alizodhani zimekwisha, zikapanda upya.