Taa Zenye Namba ya Gari Jingine

Kazi yetu, mimi na kaka yangu, ilikuwa ya kupiga. Gari linashuka bandarini limeng'arishwa, bampa halina hata mkwaruzo, halafu mwenyewe analileta kwenye uwanja wetu nyuma ya Mtaa wa Msimbazi na kusema anataka liende Liwale masika na lirudi. Basi hapo linaanza kula kipigo. Bampa tunaling'oa kwa mtaimbo. Fenda tunazikata kwa grenda ili tairi kubwa zipate nafasi ya kuzunguka. Springi za kiwandani tunazigonga kwa nyundo mpaka zinatoka, tunaweka nyingine nene zaidi, na gari linainuka hadi mtu mfupi anahitaji ngazi ili apande. Mimi nachomelea, kaka anashughulika na umeme. Wateja wapya wakiniona navua barakoa ya kuchomelea na chini yake kuna mtandio hushtuka, nami huwa nawaacha washtuke kwanza ndipo niwasalimie.

Nilizaliwa Kariakoo, baba akiwa fundi bati, na nyumbani kwetu usingizi wa mchana ulikuwa ni wa kuibia katikati ya nyundo na nyundo. Pengine ndiko nilikookota hasira zangu. Ziko karibu sana, hazibishi hodi. Kaka alikuwa akisema afadhali niendelee kugonga vyuma, maana siku vyuma vikiisha nitaanza kugonga watu. Yeye ni mpole kupita kiasi. Akitafuta waya uliokatika huwa anaunong'oneza, na ukikubali kuwaka anaushukuru.

Gari la siku ninayoisimulia lilikuwa la mfanyabiashara wa ufuta, mtu anayefuata mazao kusini wakati barabara zimegeuka tope. Lilikuwa mojawapo ya yale magari marefu, magumu, yenye bomba la kuvutia hewa linalopanda ubavuni mwa kioo hadi usawa wa paa, ili livuke mto bila injini kunywa maji. Kwa ajili ya bomba hilo watu huyaita mkonga. Tulikuwa tumeshaliinua, tumelifungia keria juu, na mbele nilikuwa nimelichomelea ngao ya mabomba mazito, na katikati ya ngao tukaweka winchi ya kujivutia likikwama. Ngao ile niliifanya kwa moyo. Niliijaribu kwa kuipiga nyundo ya kuvunjia mawe, na mikono ndiyo iliyouma.

Zilibaki taa kubwa za mbele tu. Kaka alizinunua asubuhi ile kwenye duka la spea kuukuu hapo hapo mtaani, kwa mtu tuliyezoea kununua kwake kila kitu. Muuzaji huyo alikuwa jirani hasa. Alikunywa chai na sisi, kwa mama yuleyule muuza chai, na msiba wa mama yetu alikuja na kukaa hadi watu wakatawanyika.

Kila mwenye gari jijini anajua desturi yetu. Gari likinunuliwa, kabla hata ya kulionyesha kwa ndugu, mwenyewe analipeleka kuchongwa namba kwenye kila taa, kila kioo, kila kinachong'oleka. Vibaka wameshatufunza. Kwa hiyo taa kuukuu yoyote unayonunua huja na namba ya gari lingine, na fundi mwangalifu huikwangua kwa msasa kabla ya kuifunga, la sivyo mteja wako atasimamishwa njiani na kuulizwa hizo taa kazitoa wapi. Sisi tulikwangua taa miaka yote. Hakuna fundi mtaani asiyekwangua. Na mwizi naye akishaiba, kazi yake ya kwanza ni hiyo hiyo.

Uwanjani mchana ule palikuwa na cheche zangu na jua kali. Kaka akachukua taa zake mbili, msasa na kopo la maji, akatoka kwenda kutafuta kivuli. Barabarani alikuta mkonga mwingine umeegeshwa, wa mtu aliyekuwa ameingia duka la vifaa vya ujenzi kununua mabomba. Gari refu, kivuli kizuri. Akachuchumaa ubavuni mwake, akaweka taa moja mapajani, akaanza kusugua.

Mwenye gari alipotoka aliona mtu kachuchumaa kando ya gari lake, taa mbili za mkonga anazo, anafuta namba. Alipiga ukelele mmoja tu wa mwizi. Kariakoo ukelele huo hauhitaji kurudiwa.

Naomba niseme jambo hapa, kwa sababu linanichoma hadi leo. Taa za gari la yule bwana zilikuwepo. Zote mbili zilikuwa mbele, zimekaa pale pale zilipofungwa tangu kiwandani. Ilikuwa ni kuzunguka hatua chache tu na kutazama. Katika umati wote ule, na mwenye gari akiwemo, hakuna aliyezunguka.

Mimi nilikuwa nimefunika uso, nachomelea, na mashine inapounguruma husikii kitu. Mama muuza chai ndiye aliyenivuta gauni.

"We dada! Kaka'ko wanamuua huko!"

Nilikimbia na barakoa mkononi. Huwa tunasoma magazetini kwamba mtu kauawa na wananchi wenye hasira kali. Mimi nawajua wenye hasira, ni mmoja wao, na niliowakuta pale hawakuwa na hasira. Wengine walikuwa wanacheka. Kuna kijana alikuwa ameshika soda kwa mkono mmoja huku anapiga teke, akipiga anakunywa. Kuna baba mtu mzima, shati lake limechomekewa vizuri, aliomba apishwe na yeye apige, akapishwa kwa heshima. Katikati ya miguu nilimwona kaka amejikunja, mikono kichwani, anasema, "Mimi fundi, jamani, mimi fundi wa hapa hapa." Tofali likamshukia usoni. Hakusema tena.

Nilipiga watu kwa barakoa. Nilimpiga mmoja mgongoni na mwingine sikioni, nikamng'ata wa tatu mkono, na yote hayo hayakunisogeza hatua mbili. Mtu akanirusha nyuma kama gunia. Nilipoinuka nilimwona muuzaji wa spea amesimama mlangoni kwake, ngazi tatu juu ya watu wote, anaonekana na kila mtu.

"Waambie!" nilimpigia kelele. "Waambie umemuuzia wewe!"

Watu wakageuka. Mateke yakapungua kidogo, naapa yalipungua. Yule kijana wa soda akamuuliza, "Eti bosi, ni wewe umemuuzia?"

Alinitazama. Aliitazama ile taa iliyokuwa imebaki nzima chini. Alijua alikoipata, na alijua akisema ndiyo, swali linalofuata ni kwake. Yote hayo yalimpita usoni, nami niliyaona.

"Simjui," alisema.

Halafu akashuka ngazi na kuingia kwenye umati, maana mtu asiyemjua mwizi hawezi kubaki amesimama pembeni. Niliisikia sauti yake. Alikuwa anasema mwizi, mwizi, pamoja na wengine.

Upande wa pili wa barabara mtu alikuwa anavingirisha tairi, na mwingine ana chupa ya petroli.

Nilirudi uwanjani mbio. Sikumbuki kuingia garini, nakumbuka tu kwamba kiti kilikuwa juu sana na kwamba lile gari halikuwa na taa, mbele kulikuwa na matundu mawili na waya za kaka zinaning'inia. Niliwasha, nikabonyeza honi na sikuiachia. Nilitoka na kipande cha uzio wetu. Nikafika barabarani, nikaweka gia nzito, nikaelekeza ngao kwenye migongo yao.

Wengi waliruka. Mtu akisikia injini ya namna ile nyuma yake miguu huamua yenyewe. Meza ya chaja za simu ilikwenda chini, mkokoteni wa machungwa ukapinduka, na mwenye tairi akaliacha likaenda zake peke yake. Muuzaji wa spea alikuwa ananipa mgongo, amenyoosha shingo apate kuona, na watu waliomzunguka walipotawanyika alibaki pale pale hajui kulia wala kushoto. Sikuukusudia mguu wake. Sikukusudia kuukwepa pia. Nilisikia kitu kinavunjika chini ya ngao yangu, sauti kavu, na nikaendelea hadi gari likasimama juu ya kaka, magurudumu huku na huku, naye katikati yake chini, salama. Kwa mara ya kwanza nikamshukuru Mungu kwamba tumeliinua vile.

Nilishuka na mtaimbo. Niliwaambia atakayesogea namfungua kichwa, na nadhani waliona ningefanya hivyo. Hakusogea mtu. Mama muuza chai peke yake ndiye aliyekuja, akatambaa chini ya gari na kanga yake, tukamvuta kaka, yeye miguu mimi mabega, tukamlaza kiti cha nyuma. Alikuwa anapumua kwa mapovu. Jicho lake la kulia sikulitambua kuwa ni jicho.

Hospitali walimrudishia taya, walimshona kichwa, jicho lilishindikana. Kwa siku kadhaa hakuna aliyeniambia ataishi, walisema tu tusubiri. Nilisubiri nikiwa nimekaa sakafuni, nimeegemea kitanda chake, na usiku na mchana nilipanga jinsi nitakavyolibomoa lile duka la spea. Nilianza na mlango. Nikaenda kwenye rafu. Mwenyewe nilimweka mwisho.

Alipofumbua jicho lililobaki, kitu cha kwanza alichokiona ni kitanda cha pili. Majeruhi wa mtaa mmoja hupelekwa hospitali moja, na wodi ya waliovunjika ni hiyo hiyo. Muuzaji wa spea alikuwa amelala pale, mguu umening'inizwa na uzito, tangu siku ile ile. Mkewe alikuwa akileta uji kila asubuhi na kumimina vikombe viwili, kimoja cha mumewe, kimoja anakiweka kimya kwenye kabati la kaka. Mimi nilikuwa nakimwaga chooni.

Siku moja askari alikuja. Kijana tu, mwenye adabu, aliwasalimia wagonjwa wazee shikamoo kitanda kwa kitanda kabla ya kuanza kazi yake. Alimuuliza kaka ni nani waliompiga. Kaka hakuweza kufungua meno, alitikisa kichwa.

"Hata mmoja hukumwona?"

Akatikisa tena.

Askari akageuka kitanda cha pili. "Na wewe, mzee wangu, nasikia umegongwa na gari. Nani alikuwa anaendesha?"

Nilikuwa nimesimama katikati ya vitanda, taulo mkononi. Muuzaji akanitazama vile vile alivyonitazama siku ile toka mlangoni kwake. Mtaani hakuna aliyesema, maana angeulizwa na yeye alikuwa akifanya nini pale, ila nilijua neno lake moja tu linatosha. Ningelala mahabusu, kaka angebaki peke yake na jicho lile. Zaidi ya woga nilikuwa nasikia aibu, kwamba usalama wangu umekuja kukaa kwenye mdomo huu, kati ya midomo yote ya Kariakoo.

"Sikumwona, afande," alisema. "Nilikuwa nimegeuka."

Askari alimaliza, akatutakia wagonjwa wetu nafuu, akaondoka. Muuzaji alisubiri hadi viatu visisikike koridoni. Kisha akaniambia, kwa sauti ya mtu anayefunga biashara:

"Basi, dada. Sasa tumelingana."

Nilimzaba kofi. Mgonjwa, mguu juu, mkewe amekaa pale na kikombe. Lilikuwa kofi la mkono uliozoea nyundo, na uzito ulioning'iniza mguu wake ulicheza, akapiga yowe. Muuguzi alinishika kiuno, mimi nimeshainua mkono wa pili, na nilikuwa namwambia hatujalingana, hatutalingana hata akikatwa mguu wote, simama uniambie tumelingana wapi. Kofi lile silijutii. Nikikutana nalo tena nitalipiga.

Kaka ndiye aliyenishika mkono. Kidole kimoja tu, alikipitisha kwenye bangili yangu, akavuta. Nilimwinamia. Alikuwa anajitahidi kusema kupitia waya za meno, mate yanamtoka, na ilikuwa mara ya kwanza nasikia sauti yake tangu pale barabarani. Nilidhani anataka nimpige tena kwa niaba yake. Nilitega sikio karibu kabisa.

"Mwache," alisema. "Spea tutanunua kwa nani?"

Nilianza kumtafutia duka jingine. Nilipita mtaa wote kichwani, duka kwa duka, mlango kwa mlango, na kila mlangoni nilimwona mtu niliyemwona kwenye umati siku ile. Muuguzi alikuwa bado amenishika kiuno.